Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Vimelea vya Damu Katika Mifugo

Askari apatapo likizo yake ya mwaka na kurudi kijijini, akiisha kuwajulia hali wazazi na watoto, swali lifuatalo ni hili: ng'ombe wako salama? Swali hilo si la upuuzi. Mshahara huja na kwisha, lakini ng'ombe aliyenunuliwa kwa mshahara huo hubaki zizini akizaa, akikamwa na kungojea siku ya shida. Ndiye karo ya shule, ndiye mahari ya kijana, ndiye maziwa ya mtoto mchanga, na kwa wengi ndiye matofali na mabati ya nyumba ya kustaafia. Anapokufa ng'ombe mmoja, hasara haiishii zizini.

Makala yetu ya juma hili yawahusu maadui wadogo mno waishio ndani ya damu ya mifugo. Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuiona kazi yao bila kuwaona wenyewe. Ng'ombe alikuwa mzima Jumapili. Alhamisi akakataa majani. Juma la pili akalala ubavu, povu likamtoka puani, akafa. Jirani mmoja akasema amerogwa. Mwingine akasema amekula nyasi zenye sumu. Wa tatu alikuja na sindano aliyoinunua dukani, akamdunga dawa asiyoijua kwa ugonjwa asioujua. Hakuna aliyetazama ndani ya sikio la mnyama yule, na sababu ya kifo ilikuwa imejishikiza humo humo.

VIMELEA VYA DAMU NI NINI?

Kimelea ni kiumbe kiishicho juu ya mwili wa mwingine au ndani yake, kikipata riziki yake humo bila kulipa chochote. Vimelea tunavyovizungumzia leo ni vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Mpaka tone la damu litandazwe juu ya kioo, litiwe rangi, kisha litazamwe kwa darubini ikuzayo mara 1,000. Baadhi yao hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Wengine huingia katika chembe nyeupe. Wengine huogelea katika maji ya damu mithili ya samaki wembamba.

Yafaa kila mwenye mifugo ayashike mambo mawili. La kwanza, vimelea hivi havina miguu wala mabawa. Haviwezi kutoka kwa ng'ombe mgonjwa kwenda kwa mzima bila kubebwa, na wabebaji wao wakuu ni kupe na mbung'o, na pengine nzi wengine waumao au sindano yenye damu. La pili, ijapokuwa kimelea hakionekani, mbebaji wake huonekana mchana kweupe. Hapo ndipo ilipo njia ya ulinzi. Huwezi kumkamata adui aliyekwisha kuingia katika damu, lakini waweza kumkamata yule anayemfungulia mlango.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1893, huko Marekani, Theobald Smith na mwenzake F. L. Kilborne walitangaza kwamba homa ya ng'ombe iliyoitwa homa ya Texas ilikuwa ikienezwa na kupe. Miaka miwili baadaye David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alionyesha huko Zululand, Afrika Kusini, kwamba ugonjwa wa nagana uliokuwa ukimaliza mifugo huletwa na mbung'o. Daktari huyo huyo alifika Entebbe mwaka 1903, wakati watu wa kandokando ya Ziwa Victoria walipokuwa wakifa kwa ugonjwa wa malale, akathibitisha kwamba huko nako mbung'o ndiye aliyekuwa mjumbe wa mauti.

NDIGANA KALI, MUUAJI WA NDAMA

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki hakuna ugonjwa wa kupe uliowaliza wafugaji kuliko ndigana kali. Wazungu waliuita homa ya pwani ya mashariki, na jina hilo lina historia yake. Karibu na mwisho wa vita vya Waingereza na Makaburu, ng'ombe walinunuliwa pwani ya Afrika Mashariki wakapelekwa kusini kwa meli, ili wachukue mahali pa wale waliokwisha kufa kwa sotoka na kwa vita. Walifika na ugonjwa ambao wenyeji wa kusini hawakuujua, na kuanzia mwaka 1902 makundi makubwa yalikufa. Mtaalamu Arnold Theiler aliuchunguza, na kimelea chake kikapewa jina la Theileria kwa heshima yake. Afrika Kusini ilihitaji kama miaka 50 ya kuogesha, kuweka mipaka na kuchinja ili kuufuta ugonjwa huo katika ardhi yake.

Mbebaji wa ndigana kali ni kupe wa kahawia wa masikioni. Maisha ya kupe huyu yahitaji wanyama watatu. Akiwa mdogo kama punje ya ulezi hupanda mnyama wa kwanza, hunyonya, huanguka na kujibadili. Hupanda wa pili, hunyonya, huanguka tena. Akiwa mzima hupanda wa tatu, na baada ya kushiba jike huanguka majanini na kutaga maelfu ya mayai. Akinyonya damu yenye kimelea akiwa mdogo, atakipeleka kwa mnyama atakayempanda katika hatua ifuatayo. Kupe mzima aweza kukaa majanini bila kula kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo malisho yaliyoachwa kwa miezi michache si lazima yawe yametakasika.

Lakini kupe huyu ana udhaifu mmoja. Akipanda mnyama hakabidhi vimelea papo hapo. Hutakiwa kunyonya kwa siku kadhaa kabla ya vimelea vilivyomo katika mate yake kukomaa. Kupe aliyeng'olewa au kuuawa kwa dawa siku ya kwanza au ya pili huwa hajafanya madhara makubwa; aliyeachwa juma zima amekwisha kufanya. Ndiyo maana wataalamu husema ng'ombe waogeshwe kwa siku zisizobadilika, wala si pale mwenyewe akumbukapo.

Kimelea kikiisha kuingia mwilini hukaa kimya kwa siku 8 hadi 12 au zaidi. Kisha tezi iliyo chini ya sikio huvimba, nayo ndiyo dalili ya kwanza. Homa hupanda. Ng'ombe mzima ana joto la nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Mgonjwa wa ndigana hufika 40, 41 au hata 42. Tezi ya begani na ya mbele ya goti la nyuma nazo huvimba. Machozi humtoka, maziwa hupungua, malisho humchosha. Mwisho mapafu hujaa maji, pumzi hukatika, povu hutoka puani. Ng'ombe wa kigeni au chotara asiyetibiwa ni nadra kupona.

Dawa ipo, mathalan ile iitwayo buparvakwoni, lakini hufaa ikitolewa mapema, mnyama angali anakula na kusimama. Akiisha kutoa povu, mara nyingi fedha ya dawa imepotea pamoja na ng'ombe. Mjue pia kwamba sindano ya oksitetrasaiklini ambayo wengi huikimbilia kwa kila homa haitibu ndigana kali iliyokwisha kupamba moto.

NDUGU WAWILI: MKOJO WA DAMU NA NDIGANA BARIDI

Ugonjwa wa kukojoa damu huletwa na vimelea viitwavyo Babesia. Hivi huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua kwa maelfu, hata rangi ya damu hushuka katika mkojo ukawa kama kahawa au divai nyekundu. Mbebaji ni kupe wa buluu, ambaye hukaa juu ya mnyama mmoja tangu udogo wake mpaka ukubwa. Kupe huyu jike akiwa na kimelea huwarithisha watoto wake kwa njia ya mayai, hata kizazi kipya huzaliwa na silaha mkononi. Ndama wadogo wana kinga ya asili dhidi ya ugonjwa huu, na wanaokufa zaidi ni ng'ombe wakubwa walioletwa kutoka mahali pasipo na kupe.

Ndigana baridi ni ugonjwa wa namna nyingine. Kiini chake ni Anaplasma, kijidudu cha jamii ya bakteria kikaacho pembezoni mwa chembe nyekundu. Mkojo haugeuki kuwa mwekundu. Bali ufizi na utando wa macho hupauka, kisha huwa manjano. Kinyesi huwa kikavu na kigumu. Mnyama hukonda kwa haraka. Huja polepole, baada ya majuma kadhaa. Mbali na kupe, nzi waumao huweza kuueneza, na mwanadamu pia. Kisu cha kukatia pembe kisichosafishwa, au sindano moja ipitayo katika ng'ombe kumi, huchukua damu ya mgonjwa na kuipanda katika wazima tisa. Huu ndio ugonjwa ambao mfugaji huweza kuueneza kwa mkono wake mwenyewe huku akidhani anatibu.

Tazama basi hatari ya kukisia. Mgonjwa wa kwanza ahitaji buparvakwoni, wa pili ahitaji dawa kama diminazini, wa tatu ahitaji oksitetrasaiklini. Wote watatu wana homa, wote watatu hawali. Kinachowatenganisha kwa hakika ni kioo cha damu. Daktari wa mifugo hutoboa ncha ya sikio, huchukua tone moja, na kwa ndigana kali huchukua pia maji kidogo ya tezi kwa sindano. Gharama ya kipimo hicho ni ndogo sana ukiilinganisha na thamani ya ng'ombe wa maziwa.

MBUNG'O NA NAGANA

Tumwendee sasa mbebaji wa pili. Mbung'o ni nzi wa rangi ya kahawia ambaye akitua hukunja mabawa yake moja juu ya jingine kama visu viwili vya mkasi. Hupenda vivuli vya kandokando ya mito, vichaka vya ziwani na misitu. Katika mate yake huchukua Tripanosoma, kimelea kiogeleacho katika maji ya damu.

Nagana haiui kwa ghadhabu kama ndigana kali. Huua kwa subira. Homa huja na kuondoka. Manyoya husimama na kupoteza mng'ao, tezi huvimba, machozi hutiririka, mimba huharibika, maksai wa kulimia huchoka kabla ya jua kupanda. Damu hupungua siku kwa siku. Katika maabara damu ya ng'ombe mzima ikizungushwa ndani ya kijineli chembamba cha kioo, chembe nyekundu hujaza kama asilimia 24 hadi 46 ya kijineli hicho. Ya mgonjwa wa nagana hushuka chini ya hapo, mpaka mnyama akabaki mifupa na ngozi. Mfugaji aonapo ukondefu huo hulaumu kiangazi, hununua dawa ya minyoo, na kimelea huendelea na kazi yake.

Aina moja ya Tripanosoma huweza kubebwa hata na pange na nzi wengine waumao. Kwa sababu hiyo nagana huonekana pengine hata mahali pasipo na mbung'o, iwapo ng'ombe mgonjwa ameletwa huko.

SOKO LA NG'OMBE NA UGONJWA WA MALALE

Ugonjwa wa malale umeandikwa kwa machozi katika historia ya Uganda. Kati ya mwaka 1900 na 1920, watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 walikufa katika Busoga na pwani za ziwa. Tangu mwaka 1976 hivi hadi miaka ya mwisho ya 1980, Busoga ilipigwa tena. Uganda ndiyo nchi pekee ambako aina zote mbili za malale hupatikana. Ile ya kaskazini-magharibi huua polepole kwa miaka. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka 2022 kwamba aina hiyo imepungua nchini hata si tatizo tena la afya ya umma. Ile ya kusini-mashariki huua kwa miezi, na ghala yake kuu ni ng'ombe. Ng'ombe huichukua katika damu bila kuonyesha dalili yoyote ya maana, akila na kunona, huku kila mbung'o amwumaye akiondoka na sumu ya kumpa binadamu. Nguruwe pia huweza kuwa ghala ya namna hiyo.

Mkasa wa Soroti watupasa kuukumbuka. Nchi ya Teso ilipoteza ng'ombe wake karibu wote katika miaka ya wizi wa mifugo na vita mwishoni mwa miaka ya 1980. Amani iliporudi, watu walianza kununua ng'ombe upya, nao waliletwa kutoka sehemu mbalimbali, zikiwemo zile zenye malale. Mwaka 1998 wagonjwa wa malale walianza kuonekana Soroti, wilaya ambayo haikuwa na ugonjwa huo. Wachunguzi walipofuata nyayo za maradhi waligundua kwamba wagonjwa wengi walikuwa wakiishi karibu na soko la ng'ombe la Brookes Corner. Mbung'o walikuwapo huko tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa kimelea tu, nacho kilikuja kwa miguu minne, kimelipiwa fedha taslimu. Baadaye ugonjwa ulisonga kaskazini na kufika Kaberamaido na jirani zake, ukikaribia sehemu za malale ya aina ya pili.

Mwaka 2006 ilianzishwa kampeni ya kuufuta ugonjwa huo kwa kuwatibu ng'ombe badala ya kungoja watu waugue. Ng'ombe walidungwa dawa ya kuua Tripanosoma, kisha wakanyunyiziwa dawa ya kuua nzi. Wanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki katika kazi hiyo vijijini. Kampeni ilileta pia maarifa yenye faida kwa maskini. Mbung'o hupendelea kuuma miguu na tumbo la ng'ombe. Ukinyunyiza dawa ifaayo miguuni, tumboni na masikioni tu, unaua mbung'o wengi kwa sehemu ndogo ya gharama. Ng'ombe hugeuka mtego uendao kwa miguu yake.

Fundisho hili linawagusa askari hasa. Askari huhamishwa kutoka wilaya hadi wilaya, na akistaafu hununua ng'ombe kule alikofanya kazi akawapeleka kwao. Ng'ombe waliozoea mahali pasipo na kupe wakiingia mahali penye kupe wengi, hufa kwa ndigana. Ng'ombe watokao mahali penye malale wakiingia mahali penye mbung'o wasio na kimelea, huhatarisha kijiji kizima. Cheti cha kusafirishia mifugo hakikuwekwa ili kuwasumbua watu. Na ndugu polisi anayekagua lori la ng'ombe kizuizini usiku ajue kwamba karatasi anayoitazama kwa kurunzi yake yalinda maisha ya watoto asiowajua.

MBWA WA KAZI NA WANYAMA WENGINE WA NYUMBANI

Mbwa wa polisi na wa jeshi hupita majanini kwa saa nyingi, nao kupe huwapanda. Babesia ya mbwa humshika kwa kasi: mbwa aliyekuwa akivuta kamba asubuhi hulala jioni, ufizi umekuwa mweupe kama karatasi, mkojo mwekundu, homa kali. Ugonjwa mwingine wa kupe, wa chembe nyeupe, humfanya atoke damu puani na kukonda. Tripanosoma nayo humpata, na dalili yake moja ni macho kuingia ukungu wa rangi ya maziwa. Mtunza mbwa afanye desturi ya kumpapasa mbwa wake kila atokapo doria: ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani na chini ya mkia. Asimpe dawa ya ng'ombe kwa kukadiria, maana diminazini ikizidi kidogo tu humdhuru mbwa, na punda na farasi kadhalika.

Mbuzi na kondoo huuawa na maji moyo, uletwao na kupe mkubwa mwenye madoa ya rangi. Mnyama huenda akiinua miguu juu kama askari wa gwaride, huzunguka, huanguka na kutapatapa. Akina mama wafugao kuku kambini nao wachunguze nyufa za mabanda. Papasi hujificha humo mchana, hutoka usiku kunyonya damu, na huwaletea kuku homa iwauayo kwa wingi. Ziba nyufa, safisha banda, choma takataka zake.

MBONA DAWA YA KUPE HAIUI TENA?

Zamani vijiji vingi vilikuwa na majosho ya pamoja. Siku ya kuogesha ilijulikana, na mhudumu alipima nguvu ya dawa. Majosho mengi yaliharibika, na leo wafugaji wengi hutumia bomba la mgongoni. Bomba si baya, lakini mkono unaolishika ndio wenye shida. Mmoja huchanganya dawa nyepesi ili chupa idumu mwezi. Mwingine huichanganya nzito kupita kiasi. Wa tatu hununua chupa tofauti kila juma kwa ushauri wa mwenye duka, au humimina dawa ya kupulizia nyanya. Hunyunyiza mgongo tu, wakati kupe wamejaa masikioni, chini ya mkia na kwenye kiwele.

Matokeo yake wataalamu wameyaona: katika miaka ya 2010 uchunguzi uliofanywa katika wilaya za magharibi na kati za Uganda ulikuta kupe waliozoea dawa, tena wengine wamezizoea dawa za zaidi ya kundi moja. Kupe dhaifu hufa, wenye nguvu husalia na kuzaa. Njia ya salama ni kushika kipimo kilichoandikwa katika chupa, kumlowesha mnyama mwili wote, na kubadili dawa kwa kundi lake, siyo kwa jina la chupa, baada ya kushauriana na daktari wa mifugo. Chupa mbili zenye majina mawili zaweza kuwa na dawa ile ile.

CHANJO YA NDIGANA KALI

Ipo pia chanjo, ijapokuwa wengi hawajaisikia. Iligunduliwa na wataalamu wa Muguga, nchini Kenya, katika miaka ya 1970. Ndama hudungwa vimelea hai vya ndigana kali, na saa hiyo hiyo hupewa oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini. Dawa hiyo huvizuia vimelea visimshinde, naye hupata ugonjwa mwepesi na kujenga kinga ya miaka mingi. Hapa dawa hiyo hufaa kwa sababu hutolewa siku ile ile vimelea viingiapo, kabla havijashika mwili. Wafugaji Wamasai wa Tanzania wameitumia sana, na siku hizi hutengenezwa Lilongwe, Malawi. Yahitaji kuhifadhiwa katika baridi kali mno, kwa hiyo hutolewa na mtaalamu kwa kundi la ndama waliokusanywa pamoja. Majirani wakiungana, gharama hupungua. Lakini chanjo hii hukinga ndigana kali peke yake. Aliyechanja asitupe bomba lake, maana ndugu wale wawili na maji moyo wangali wapo.

MAMBO SABA YA KUSHIKA

Tumeyakusanya hapa yale ambayo familia yoyote yaweza kuyafanya, hata baba akiwa mbali kazini.

1. Ogesha au nyunyizia kwa siku maalumu kila juma, na kwa ng'ombe wa kigeni mahali penye kupe wengi mara mbili, kama daktari atakavyoagiza.

2. Papasa tezi ya chini ya sikio la kila ndama mara mbili kwa juma. Kazi hii mtoto wa shule aiweza, na imeokoa ndama wengi kuliko sindano.

3. Nunua kipimajoto. Ng'ombe asiyekula na aliye na joto la nyuzi 40 au zaidi, mwite daktari siku ile ile.

4. Omba damu ipimwe kabla ya dawa. Andika katika daftari tarehe, jina la mnyama na dawa aliyopewa.

5. Sindano moja kwa mnyama mmoja. Chemsha vyombo vya kukatia pembe na kuhasi.

6. Usinunue wala kuhamisha ng'ombe bila cheti. Mgeni atengwe, anyunyiziwe na kupimwa kabla ya kuchanganywa na kundi.

7. Maziwa na nyama ya mnyama aliyetibiwa visiliwe mpaka zipite siku zilizoandikwa katika chupa ya dawa. Chupa na ndoo za dawa ya kupe zikae mbali na jiko na watoto, wala dawa hiyo isipakwe kichwani mwa mtoto kwa ajili ya chawa.

Na mtu wa nyumbani akipata homa isiyosikia dawa ya malaria, kidonda cha ajabu mahali alipoumwa na nzi, au tezi za shingoni kuvimba, naye ameishi au kupita mahali penye mbung'o, apelekwe hospitali upesi akapimwe malale. Dawa zake hutolewa bila malipo, na atibiwaye mapema hupona.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mfugaji, kimo ndani ya sikio la ndama, katika vichaka vya mtoni, na wakati mwingine katika bomba la sindano alilolishika mwenyewe. Ndugu askari, utakapoandika barua au kupiga simu nyumbani juma hili, usiulize tu kama ng'ombe wako salama. Uliza wameogeshwa lini, na ni nani aliyewapapasa tezi.